FRED ya St. Louis: kipimo cha bure cha uchumi wa Marekani, ubora wake na mipaka yake

Kwa anayetaka kujua uchumi wa Marekani una nguvu kiasi gani bila kusubiri kuelezwa na mwanasiasa au mchambuzi wa televisheni, sijaona huduma ya bure inayoikaribia FRED. Hii ni kanzidata ya takwimu za uchumi inayoendeshwa na benki ya St. Louis, jimboni Missouri, mojawapo ya benki 12 za kanda zinazounda mfumo wa Benki Kuu ya Marekani. Ndani yake mna zaidi ya mifululizo 800,000 ya takwimu iliyokusanywa kutoka zaidi ya vyanzo mia moja, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua, kuichora kwenye grafu na kuipakua bila kulipa senti moja na bila hata kujisajili. Nimeitumia kwa miaka mingi katika kazi ya kuandika habari za uchumi, na naona inastahili karibu sifa zote inazopewa. Hata hivyo FRED ni ghala, na anayeingia ghalani bila kujua anachotafuta anaweza kutoka na namba iliyo sahihi kabisa na bado akawa amepotoka.

Historia yake inaeleza tabia yake. Katika miaka ya 1960 Homer Jones, mkurugenzi wa utafiti wa benki hiyo ambaye hapo zamani alimfundisha mchumi Milton Friedman, alianza kuwatumia watu wa nje majedwali ya takwimu za fedha. Desturi hiyo ya kuwapa watu namba ndiyo iliyozaa FRED mwaka 1991, wakati ilipofikiwa kwa modemu kupitia laini ya simu. Leo hii ni tovuti, lakini lengo ni lilelile.

Kila mfululizo una jina fupi la herufi kubwa, na wanaoitumia kila siku hutaja majina hayo kama watu wengine wanavyotaja mitaa. Ukiandika UNRATE kwenye kisanduku cha kutafutia, unapata kiwango cha ukosefu wa ajira mwezi kwa mwezi tangu Januari 1948. Unakiona kikifika asilimia 10 Oktoba 2009, kikishuka polepole kwa muongo mzima, kikiruka hadi asilimia 14.8 Aprili 2020 shughuli zilipofungwa kwa sababu ya janga la korona, kisha kikirudi hadi asilimia 3.4 mwanzoni mwa 2023, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1969. Ukiongeza juu ya grafu hiyohiyo FEDFUNDS, yaani riba ya msingi ya Benki Kuu, na mfumuko wa bei, unapata ndani ya dakika moja habari nzima ya miaka ya karibuni: bei zilizokuwa zikipanda kwa kasi tangu 2021 huku riba ikiwa bado karibu na sifuri, riba iliyopandishwa kati ya Machi 2022 na Julai 2023 hadi kufikia kati ya asilimia 5.25 na 5.50, na mfumuko wa bei ulioshuka hadi asilimia 3 kufikia Juni 2023 wakati ukosefu wa ajira ukiwa bado chini ya asilimia 4. Wachumi wengi walikuwa wameonya kwamba bei zisingeshuka hivyo bila mamilioni ya watu kupoteza kazi. Nguvu ya uchumi ule katika kipindi hicho inaonekana wazi katika mistari hiyo mitatu, na mtu hahitaji kumwamini yeyote ili aione.

Jambo la pili linaloonekana kwenye karibu kila grafu ni vivuli vya kijivu vinavyoonyesha vipindi vya mdororo. Vinasaidia sana, kwa sababu mara moja unajua kama kilele unachokiona kilitokea wakati wa shida au wakati wa neema. Lakini mtumiaji mpya anapaswa kufahamu vinatoka wapi. Havichorwi kwa kanuni ile ya mitaani ya pato la taifa kupungua kwa robo mbili za mwaka mfululizo. Vinafuata tarehe zinazotangazwa na kamati ya wachumi ya taasisi binafsi isiyo ya kibiashara, NBER, ambayo huangalia ajira, mapato, matumizi na uzalishaji kwa pamoja. Kamati hiyo haina haraka. Mdororo mkubwa ulioanza Desemba 2007 ulitangazwa Desemba 2008, mwaka mzima baadaye, wakati benki ya Lehman Brothers ilikuwa imekwisha kuanguka. Mdororo wa 2020, ambao ulidumu miezi miwili tu, ulitangazwa kuwa umekwisha Julai 2021. Kwa hiyo kivuli hakipo wakati mtu anakihitaji zaidi, na ukingo wa kulia wa grafu ukiwa mweupe haimaanishi kwamba mambo ni shwari.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni menyu ndogo ya vipimo inayojitokeza unapohariri grafu, na ndiyo pia sehemu ambayo wengi huipita bila kuigusa. Chukua CPIAUCSL, mfululizo wa bei za bidhaa na huduma kwa walaji wa mijini. Ukiufungua unakutana na namba inayozidi 300, ambayo haina maana yoyote kwa msomaji mpaka ajue kwamba wastani wa bei za miaka ya 1982 hadi 1984 umehesabiwa kuwa 100. Ukibadilisha kipimo kuwa mabadiliko ya asilimia tangu mwaka uliotangulia, mstari uleule uliokuwa ukipanda kama mlima usio na mwisho unageuka kuwa mawimbi, na wimbi la 2022 linaonekana kwa ukubwa wake halisi. Hapo pia kuna jambo la kuangalia kwa makini: asilimia 9.1 iliyotangazwa rasmi kwa Juni 2022 inatokana na mfululizo ambao haujarekebishwa kwa athari za majira, yaani kupanda na kushuka kunakojirudia kila mwaka, CPIAUCNS, na anayetumia ule uliorekebishwa atapata tarakimu inayopishana kidogo na ya magazeti. Namba zote mbili ni sahihi, ila kila moja ina kazi yake.

Pato la taifa lina mtego mkubwa zaidi. Takwimu za kila robo mwaka hutolewa kwa kiwango cha mwaka, maana yake ni kwamba uzalishaji wa miezi mitatu umekwisha kuzidishwa kana kwamba kasi hiyo ingeendelea kwa miezi kumi na miwili. Anayejumlisha robo nne ili kupata mwaka atajikuta na Marekani nne. Vivyo hivyo kwa ukuaji. Robo ya pili ya 2020 ilipotangazwa mara ya kwanza kuwa imeshuka kwa asilimia 32.9, vyombo vingi vya habari viliandika kana kwamba theluthi ya uchumi ilikuwa imetoweka, ilhali upungufu wenyewe ndani ya robo ile haukufika moja ya kumi. FRED inaandika jambo hili kwenye maelezo ya vipimo vya mfululizo, kwa maandishi madogo. Ningependa yawe makubwa zaidi.

Mahali FRED inapomlipa msomaji mwenye subira ni pale anapolinganisha mifululizo miwili inayoelekea kupingana. Mfano wangu wa kila mara ni CIVPART, yaani sehemu ya watu wenye umri wa miaka 16 na zaidi ambao wana kazi au wanatafuta kazi. Ilifika asilimia 67.3 mwanzoni mwa 2000, na katika miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka asilimia 62 na nusu. Anayeiangalia peke yake atasema kwamba Wamarekani wamekata tamaa na soko la ajira limedhoofika, na wapo wanasiasa wa pande zote waliosema hivyo. Lakini fungua LNS12300060, ambayo inapima ni wangapi kati ya watu wa miaka 25 hadi 54 walio kazini hasa. Mwaka 2023 na 2024 ilikaribia asilimia 81, kiwango cha juu kuliko chochote tangu 2001. Tofauti kati ya mistari hiyo miwili inatokana kwa sehemu kubwa na umri: kizazi kilichozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kimestaafu, na kila mstaafu anabaki kwenye hesabu ya CIVPART kama mtu asiye katika nguvu kazi. Huduma inayomwezesha mtu wa kawaida kugundua jambo hili mwenyewe, kwa kuweka mistari miwili kwenye karatasi moja, inafanya kazi kubwa ya elimu ya umma. Kasoro ni kwamba jina kama LNS12300060 haliwezi kukumbukwa na binadamu, na utafutaji kwa maneno ya kawaida humletea mtu mamia ya matokeo yanayofanana, mengine yakiwa ni mifululizo iliyokwisha kusimamishwa.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo naiona kuwa hazina ya kweli, nayo haitajwi vya kutosha: ALFRED, kumbukumbu inayohifadhi kila takwimu kama ilivyokuwa siku ilipotangazwa kwanza, na kila ilipobadilishwa baadaye. Takwimu za uchumi wa nchi kubwa hazitoki zikiwa kamili. Ajira za kila mwezi, mfululizo wa PAYEMS, zinatokana na dodoso linalopelekwa kwa waajiri. Baadhi yao huchelewa kujibu, hivyo namba ya mwanzo hurekebishwa mara mbili katika miezi inayofuata, na mara moja kwa mwaka hesabu yote hulinganishwa na kumbukumbu za kodi ya bima ya ukosefu wa ajira, ambazo karibu kila mwajiri hulazimika kuziwasilisha. Agosti 2024 makadirio ya awali ya ulinganisho huo yalionyesha kwamba ajira za Machi mwaka ule zilikuwa zimehesabiwa kupita kiasi kwa 818,000. Hesabu ya mwisho, iliyotoka mapema 2025, iliipunguza ziada hiyo hadi takribani 600,000. Anayetazama FRED ya kawaida leo anaona mstari mmoja laini, kana kwamba ukweli ulijulikana tangu mwanzo. Anayefungua ALFRED anaona kile walichokiona Benki Kuu walipokuwa wakiamua riba.

Mfano wa 2022 ni mzito zaidi. Pato halisi la taifa lilitangazwa kushuka katika robo ya kwanza kwa asilimia 1.4 kwa kiwango cha mwaka, na katika robo ya pili kwa asilimia 0.9. Majira yale ya kiangazi yalijaa ugomvi kuhusu iwapo Marekani imeingia kwenye mdororo; upande mmoja ukishika kanuni ya robo mbili, upande mwingine ukionyesha kwamba ajira zilikuwa zikiongezeka kila mwezi. Katika masahihisho makubwa ya Septemba 2024, robo ya pili ya 2022 ilihamia upande wa ukuaji, asilimia 0.3. Ugomvi uliotawala magazeti kwa miezi ulikuwa umejengwa, kwa nusu yake, juu ya namba ambayo haipo tena. Kwa maoni yangu hakuna somo la uchumi lenye thamani kuliko kuweka toleo la Julai 2022 na toleo la leo kwenye grafu moja, na hakuna huduma nyingine ya bure inayolifanya hilo kwa wepesi huu.

Masahihisho hayo yana uzito wa kisiasa pia. Agosti 2025 Ofisi ya Takwimu za Kazi ilipunguza idadi ya ajira za Mei na Juni kwa jumla ya 258,000, na siku hiyohiyo Rais Donald Trump akamfukuza kamishna wa ofisi hiyo, Erika McEntarfer. Anayefahamu ALFRED anajua kwamba masahihisho makubwa yametokea chini ya marais wa vyama vyote viwili na kwamba ndivyo mfumo ulivyoundwa kufanya kazi. Miezi michache baadaye, shughuli za serikali zilipositishwa kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12 kwa kukosa bajeti, dodoso la kaya la Oktoba halikufanyika kabisa. Kwa hiyo UNRATE, ambayo haikuwahi kukosa mwezi tangu 1948, haina kiwango cha Oktoba 2025. Naipongeza benki ya St. Louis kwa kuliacha pengo hilo likiwa pengo, bila kubuni namba ya kulijaza.

Upotoshaji unaoudhi zaidi ambao nimeuona ukisambaa kutoka kwenye grafu za FRED unahusu M1, kipimo cha fedha zilizo katika mzunguko. Mstari wake unatambaa chini kwa miongo, kisha Mei 2020 unasimama wima, kutoka chini ya dola trilioni 5 hadi takribani trilioni 16. Picha hiyo imesambazwa mara nyingi ikiambatana na madai kwamba Benki Kuu ilichapisha theluthi mbili ya dola zote kwa mwezi mmoja. Kilichotokea ni kwamba Benki Kuu ilikuwa imeondoa sheria iliyowawekea wateja kikomo cha kutoa fedha kwenye akaunti za akiba mara sita kwa mwezi, na kwa kuwa akaunti hizo sasa zilikuwa hazitofautiani na za kawaida, zikahamishiwa kwenye M1. Fedha zenyewe zilikuwapo tayari na zilikuwa zikihesabiwa ndani ya M2, kipimo kipana zaidi cha fedha, ambacho uhamisho huo haukukigusa. Ni kweli kwamba M2 nayo ilikua kwa kasi isiyo ya kawaida mwaka ule, na jambo hilo linastahili mjadala wake, lakini ukuta ule wa M1 ni badiliko la tafsiri tu. Maelezo yote yako chini ya grafu, kwa usahihi na kwa ukamilifu. Tatizo ni kwamba kitufe cha kushiriki hubeba picha na kuyaacha maelezo nyuma. Huduma inayojua kwamba mfululizo umevunjika mahali fulani ingeweza kuchora alama kwenye mvunjiko huo, ili alama isafiri pamoja na picha.

Kasoro ya jamii hiyohiyo ni mihimili miwili. FRED inaruhusu mstari mmoja upimwe kwa mhimili wa kushoto na mwingine wa kulia, na kwa kunyoosha mizani kidogo mtu anaweza kufanya vitu viwili visivyohusiana vionekane ndugu pacha. Ninapoona grafu ya namna hiyo, jambo la kwanza ninalofanya ni kuirudisha kwenye mhimili mmoja, mara nyingi kwa kupima vyote viwili kwa asilimia ya mabadiliko, na mara nyingi undugu hutoweka.

Wanaoitumia kutabiri wanapaswa kuwa waangalifu vilevile. T10Y2Y, tofauti ya riba kati ya hati fungani za serikali za miaka kumi na za miaka miwili, ilikuwa chini ya sifuri kuanzia Julai 2022 hadi takribani mwanzo wa Septemba 2024, kipindi kirefu kuliko vyote katika kumbukumbu ya mfululizo huo. Katika historia hali hiyo ilitangulia midororo mingi. Safari hii uchumi uliendelea kukua. Kipimo cha mchumi Claudia Sahm, ambacho hutoa ishara pale wastani wa miezi mitatu wa ukosefu wa ajira unapopanda kwa nusu asilimia juu ya kiwango chake cha chini cha miezi kumi na miwili iliyotangulia, kilitoa ishara kwa takwimu za Julai 2024, na Sahm mwenyewe akaonya kwamba ongezeko la watu wanaoingia kwenye soko la ajira, wakiwamo wahamiaji, lilikuwa likikipandisha kuliko kawaida. FRED inaviweka vipimo hivi viwili mezani na kunyamaza, na nadhani inafanya vyema kunyamaza.

Kuhusu swali kwamba nguvu hiyo ya uchumi inamfikia nani, huduma hii ina majibu mengi kuliko watu wanavyodhani, ila yamefichika. Mapato ya kaya ya katikati, baada ya kuondoa athari za mfumuko wa bei, hutolewa mara moja tu kwa mwaka; kwa 2023 yalikuwa dola 80,610, bado chini kidogo ya yale ya 2019, hata kama pato la taifa kwa jumla lilikuwa limepanda sana. Takwimu za mgawanyo wa mali, zinazoanzia 1989, zinaonyesha kwamba nusu ya chini ya kaya zote inamiliki takribani asilimia 2.5 ya utajiri, huku asilimia 1 ya juu ikimiliki karibu asilimia 30. Tarakimu hizo zinaeleza kwa nini Wamarekani wengi walisema katika kura za maoni kwamba uchumi ni mbaya wakati UNRATE ikiwa chini ya 4. Ukurasa wa mwanzo hauzipi nafasi inayozistahili.

Limebaki suala la haki za matumizi, ambalo mtumiaji anapaswa kulijua kabla hajategemea kila kitu hapa. Si takwimu zote zinazotoka serikalini, na wamiliki binafsi huweka masharti. Faharasa ya hisa ya S&P 500 inapatikana kwa miaka kumi ya nyuma tu, hivyo haiwezekani kuilinganisha na mdororo wa 2008, na bei za dhahabu za soko la London ziliondolewa mwaka 2022. Kwa ajira, bei, riba, pato la taifa na deni la serikali, ambalo sasa linazidi asilimia 120 ya pato hilo, hakuna vikwazo vya namna hiyo, na programu ya kuunganisha FRED na Excel hukuwezesha kusasisha jedwali zima kwa kubofya mara moja. Kama ningeulizwa na wasimamizi wake kipi kirekebishwe kwanza, ningewaomba waweke kiungo cha ALFRED juu kabisa ya kila grafu, kando ya tarehe ya toleo, ili msomaji wa PAYEMS ajue kabla ya kupakua kwamba namba ya mwezi wa mwisho bado itabadilika.